Ncha ya Kisu cha Baba

Muuza visu aliniangalia, akaangalia na kikapu changu, kisha akanionyesha upande wa pili wa soko. "Mama, visu ya jikoni iko kule, kwa ule mama wa masahani."

Nilimwambia sitafuti kisu cha jikoni. Nilitaka kisu cha mwindaji, kisichokunjwa, cha ukubwa wa kati. Alimgusa bega jirani yake aliyekuwa akiuza betri na kufuli. "Sikia huyu. Mama anaenda kuwinda." Jirani akasema mwenye kisu kikali ndiye anakula nyama, na wote wawili wakafurahi sana. Mimi sikufurahi. Hasira zangu ziko karibu, hata wateja wangu wa cherehani wanalijua hilo, na siku ile nilikuwa nimeamka nazo. Nilikuwa nimekuja kutafuta kisu cha kumdanganyia mama yangu mzazi, na mtu mwenye shughuli ya namna hiyo hapendi kuchekwa.

Afadhali niseme mapema mambo yalivyokuwa. Mama alikuwa amelala sakafuni, juu ya mkeka, kwa miaka zaidi ya ishirini. Si kwamba alikosa kitanda. Nilimnunulia kitanda mara tu cherehani yangu ilipoanza kutulisha, pamoja na godoro, na godoro lile lilibaki ndani ya plastiki yake kama lilivyotoka dukani. Alilala chini kwa sababu ya baba, na kwa sababu ya kisu cha baba.

Katika ukoo wa baba, mwindaji akipotelea porini matanga yake hayaanuliwi mpaka kirudi kitu cha mkono wake. Kinaweza kuwa kisu au mkuki, hata kengele ya mbwa wake. Kikirudi, kinawekwa mbele ya mjane, nyama inakatwa, mjane anakula kipande cha kwanza, halafu mkeka wake unakunjwa na maisha yanaendelea. Kisiporudi, mkeka unabaki chini. Mama hakuzaliwa katika ukoo huo. Yeye ni binti wa pwani ya ziwa, watu wa samaki, Mkatoliki tangu siku ya nane ya kuzaliwa kwake. Lakini desturi ya mume aliishika kuliko wenyewe. Padri alimsomea baba misa, kisha akaja nyumbani kumwambia mama kwamba sasa anaweza kulala kitandani bila dhambi yoyote. Mama alimpa chai, akamshukuru, akamwambia: "Padri, misa ni ya Mungu. Mukeka ni wa bwana yangu."

Baba alichimba dhahabu Bambu siku za kazi na kuwinda Jumamosi, lakini ungemuuliza kazi yake angekujibu kuwa yeye ni mwindaji. Kisu chake kilifuliwa na fundi wa kule kule Bambu kutokana na tupa kuukuu, ile ambayo sisi tunaiita lime kwa Kifaransa. Bapa lake lilikuwa na urefu wa kiganja cha mtu mzima na vidole viwili juu yake. Baba alisema kisu kikubwa kinajigamba na kinatoboa ngozi ovyo, kidogo nacho kinazama ndani ya nyama na kukuchosha mkono. Mpini ulizungushiwa mpira wa ndani wa baiskeli ili damu isiufanye uteleze. Karibu na mpini fundi hakuyasugua meno ya tupa yote, na ukipitisha kidole uliyahisi, makavu kama ulimi wa paka.

Kabla ya kutoka, baba alikishika kwa mpini, akalipiga bapa kwa ukucha, akasikiliza. Sauti ilikuwa nyembamba na ilikawia kufa. "Chuma ya muzuri inaitikaka," alisema, kisha akakiweka kiunoni na kwenda.

Mimi ndiye niliyekiharibu. Nilikuwa na miaka kumi. Baba alikuwa nyuma ya nyumba akitengeneza mtego, kisu amekiacha jikoni, nami nilikuwa nachoma mahindi. Nikakitumia kugeuzia mahindi katika makaa. Halafu nikasikia kwamba lori limekwama mlimani na watu wanateremsha mizigo, nikakimbia kwenda kuangalia. Niliporudi, kisu kilikuwa bado ndani ya moto na ncha yake ilikuwa nyekundu. Ndoo ya maji ilikuwa hapo hapo miguuni pangu. Lakini niliogopa sauti ile ya chuma cha moto kikiingia majini, kwa maana baba angeisikia. Nikafanya lile ambalo mtoto wa jikoni analijua: nilikizika ndani ya majivu, jinsi tunavyozika mihogo, nikakaa juu ya kigoda mbele yake kama mtu asiye na neno.

Kesho yake alfajiri nilikifukua. Ncha ilikuwa nyeusi, na nyuma ya weusi ule kulikuwa na mstari wa buluu, buluu nzuri ambayo sijaiona kwenye kitambaa chochote. Nilikisugua kwa mchanga mpaka buluu ikatoka na kidole gumba changu kikatoka damu. Nikakirudisha kwenye ala yake. Wiki iliyofuata nilimwona baba ameketi karibu na jiwe la kusagia. Ncha ya kisu ilikuwa imepinda. Aliinyoosha kwa kuikandamiza juu ya jiwe, polepole, akaitazama, kisha akatazama upande wa jikoni nilikokuwa. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

Muda si mrefu vita vikaja. Tulikimbilia Bunia kwa miguu, tukapewa pembe ya uwanja wa watu wema, na njaa ikatufuata huko. Baba alikuwa ameacha mitego porini. Asubuhi moja alisema anarudi kuitazama, siku mbili tu, labda kuna mnyama. Mama alimkataza. Alimkataza kwa maneno mazuri, halafu kwa maneno mabaya. Baba alikipiga kisu kwa ukucha, nikaisikia ile sauti, na nilitaka kumwambia: baba, ncha yake haiko sawa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

Hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyesikia, hakuna aliyetuletea hata kofia yake. Najua vizuri kwamba kisu hakishindani na bunduki, na kwamba siku zile watu wenye visu vizima nao walipotea. Nimejiambia hayo miaka yote. Lakini alitoka nyumbani na kisu ambacho ncha yake inapinda, na aliyeiharibu ni mimi, nami nilikuwa nimesimama pale namtazama akienda.

Nikawa mshonaji. Mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa ni wa chuma cha zamani, na nikiufungua haraka unatoa sauti nyembamba inayokawia. Mara ya kwanza niliposikia, niligeuka kuangalia mlangoni. Mteja aliyekuwa akipimwa kifua akageuka pia, akaniuliza nani amekuja. Nikamwambia hakuna mtu. Nilifikiri ningeizoea sauti hiyo, lakini bado nageuka.

Masika yaliyopita mama alianza kukohoa, na kikohozi kikakataa kuondoka. Muuguzi alimsikiliza mgongo, akaniuliza analala wapi. Nilipomwambia, aliuma midomo. Alisema baridi ya saruji imeingia kifuani na kwamba mama hatavuka msimu mwingine wa mvua akiwa pale chini. Nilimrudia mama na habari hiyo kwa upole, kisha nikapandisha sauti, kisha nikalia. Alinipapasa kichwa. "Mama," aliniambia, kwa maana kwetu mzazi humwita binti yake mama, "akirudi akute nimepanda ku kitanda, nitamuambia nini?"

Ndipo shangazi akaja, dada yake baba, kutoka Mahagi, amekaa juu ya magunia ya maharagwe kwenye lori. Shangazi ni mwanamke wa biashara na hana subira na wafu. Siku ya tatu, mama akiwa kanisani, aliniita.

"Leta kisu," alisema.

"Kisu gani?"

"Yoyote yenye kufanana. Tutasema kuna mutu wa Bambu alikuwa anaichunga miaka yote. Miye ni dada yake. Nikisema ni yake, ni yake."

"Shangazi, ule mama hadanganywake."

"Macho yake imekwisha. Anaona kivuli tu. Na weye unataka nini? Akufe chini?"

Nilimwambia njia ya mwongo ni fupi. Alinijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye mchele aliokuwa akiuchagua: "Pumzi ya mama yako iko fupi kupita ile njia."

Nilikasirika, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili. Niliporudi nilikuwa nimekubali. Jambo moja tu shangazi hakulifahamu. Macho ya mama yalikuwa yamekwisha kweli, lakini mikono yake haikuwa imekwisha. Mama ananunua kitambaa kwa vidole. Anajua unga wa zamani kwa kuunusa kiganjani. Kama nilitaka kumdanganya, chuma chenyewe kilipaswa kusema uongo pamoja nami.

Kwa hiyo nilikuwa pale sokoni na wale wawili wanaocheka. Muuza visu alinionyesha kwanza visu vya kukunja. Nikavisukuma pembeni, kwa maana mwindaji hakunji kisu. Mafuta na damu huingia kwenye bawaba na kuoza humo. Akatoa kimoja kikubwa chenye meno mgongoni na dira ndogo kwenye mpini, kisu cha kupigia picha. Nikamwambia hicho ampe mtoto wake acheze. Hapo aliacha kucheka, akainama chini ya meza na kutoa kimoja cha kati, cha inoksi, kile chuma cheupe kinachong'aa, kizuri kweli, chenye ala ya ngozi.

Nilikipiga kwa ukucha. Kilisema neno moja fupi, kikanyamaza. Nilisugua bapa kwa kidole gumba na kunusa kidole: hakuna kitu. Kisu cha baba kilikuwa kikikuachia harufu mkononi, harufu ya chuma na mvua, hata ukinawa kwa sabuni. Mama alikuwa akilalamika kwamba baba anamshika shavu na harufu ile.

"Hii haipatake kutu," muuzaji alisema. "Hata miaka mia."

"Ndiyo shida yake."

Sijui aliona nini usoni pangu, lakini alikichukua kisu chake na kukirudisha kwenye ala bila kubishana. "Nenda Mudzipela," alisema. "Nyuma ya wale wenye kuchomelea milango. Kuna muzee anafua majembe. Kama anakupenda, atakufulia."

Mzee hakunipenda mara moja. Alikuwa ameketi mbele ya moto wake akizungusha kwa mkono mmoja gurudumu la baiskeli lililopeleka upepo kwenye makaa, na majembe yamerundikwa pembeni. Nilimsalimu, nikamwambia nataka kisu cha kuwinda, cha kati, kisichokunjwa.

"Ya nani?"

"Ya muwindaji."

"Iko wapi, ule muwindaji?"

Nilisema hakuweza kuja. Aliacha kuzungusha gurudumu. "Mama, tangu vita, miye siwezi kufua kisu ya mutu sijashika mukono yake. Jembe, ndiyo. Kisu, hapana. Kuna watu walikuya hapa ile wakati, nikawafulia, sikuuliza." Hakuendelea. Alitazama makaa, nami nikatazama kwingine, kwa maana hapa Bunia kila mtu ana mahali ambapo sentensi yake inakatika, na wenzake huachia hapo.

Nilinyoosha mkono wangu wa kulia. Nikamwambia mwenye kisu alikuwa baba yangu, na kwamba watu wote wa Bambu walikuwa wakisema mkono huu ni wa baba, vidole virefu, gumba fupi. Alichukua udongo mbichi aliokuwa nao ndani ya kopo, akauweka kiganjani pangu na kunifunga vidole juu yake. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. Alikaa akinishika hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kupima.

"Ni mukono ya mushonaji," alisema. "Lakini itaweza."

Kisha akapanga vyuma vitatu juu ya gunia. Cha kwanza kilikuwa kipande cha resori, yaani springi, ya lori. Alisema hicho ni chuma cha mtu mvumilivu: hakivunjiki hata ukikipigia mfupa, ila makali yake yanachoka upesi na utanoa kila siku. Cha pili kilikuwa kipande cha msumeno wa mbao, chepesi, kizuri kwa kuchuna ngozi, lakini chembamba mno kwa kazi nyingine. Cha tatu kilikuwa lime, tupa yenye meno yaliyokwisha kulika.

"Hii iko na wivu," alisema. "Inakata kupita zote. Lakini usipoituliza mu moto mara ya pili, inakuvunjikia siku unaihitaji. Mutu wa haraka asichukue lime."

Nilimwambia mimi ni mtu wa haraka, lakini naichukua hiyo. Nikamwomba asiyasugue meno yake yote karibu na mpini.

Siku ya kukizamisha nilikuwepo; nilifunga duka langu ili niwepo. Alikipasha moto kisu chote mpaka kikawa chekundu, akakigusa kwa sumaku aliyoitoa kwenye redio mbovu, akakirudisha, akakigusa tena. Sumaku iliposhindwa kukishika, alikitia katika kopo la mafuta ya gari. Ilitoka sauti ile ile niliyoikimbia nikiwa na miaka kumi. Nilishtuka mpaka nikagonga goti kwenye majembe yake. Hakucheka. Alikisugua kikang'aa, kisha akaanza kukipasha tena juu ya makaa yaliyofifia, polepole, akiniambia nitazame rangi. Ilikuja rangi ya majani makavu, ikatembea juu ya bapa kutoka nyuma kwenda mbele.

"Hapa njo tunaisimamisha. Ukiacha, inakuwa bleu. Bleu ikifika ku ncha, ncha imekwisha."

Nilimuuliza. Sikuwa nimepanga kumuuliza. "Na mutu akiiacha mpaka inakuwa nyekundu, kisha aifiche mu jivu?"

Aliinua uso. "Mu jivu? Nani anafanya vile?"

"Mutoto."

"Jivu inaua chuma polepole polepole. Angetia mu maji, pengine ingepasuka, lakini ingebaki ngumu. Mu jivu inalala kabisa. Inakuwa laini, inapinda tu."

"Inaweza kupona?"

"Kupona? Unarudisha mu moto, unazamisha, unatuliza, vile umeona. Kazi ya asubuhi moja."

Asubuhi moja. Nilikaa juu ya majembe na maneno hayo mawili. Ningesema siku ile, baba angenichapa, au asingenichapa, halafu angekipeleka kwa fundi wake pale Bambu na kukirudisha kabla ya chakula cha mchana. Miaka yote nilidhani nilikuwa nimeharibu kitu kisichotengenezeka. Nilimchukia yule mtoto kwenye kigoda kwa moyo wangu wote, na papo hapo nilimhurumia, naye hakuwa na habari.

Na hapo nikaona kwamba nina la kuamua. Kisu cha baba ninachokijua mimi kilikuwa na ncha laini. Kama nilitaka mfano wa kweli, ilinipasa kumwambia mzee arudishe ncha motoni na kuizika. Isingekuwa kazi kubwa, na jivu lilikuwepo tele. Nilidhani hakuna mwingine aliyejua habari ya ncha ile, kwa hiyo hakuna ambaye angeikosa. Lakini sikuacha kwa sababu ya hesabu hiyo. Niliacha kwa sababu sikuweza kumpa baba ncha inayopinda mara ya pili.

Mzee alikishika kwa mpini ambao bado ulikuwa chuma kitupu, akakipiga kwa ukucha. Sauti ilikuwa nyembamba, na ilikawia. Niligeuka kuangalia njia, nikijua kabisa kwamba hakuna mtu.

Nyumbani, mlango wa duka ukiwa umefungwa, nilikisugua kwa limau na chumvi siku tatu mpaka kikawa kijivu, nikazungusha mpira wa baiskeli kwenye mpini na kuupaka masizi na mafuta. Nilikifunga katika kipande cha bitana. Nilipokuwa nacho mtaani nilitembea pembeni kabisa ya barabara, maana hapa kwetu mtu akionekana na chuma chenye makali, watu hunyamaza mpaka apite.

Tulichagua Jumapili, baada ya misa. Shangazi alipika mbuzi na kuacha paja moja zima bila kulikata. Mama aliketi juu ya mkeka wake, miguu ameinyoosha, rozari mkononi. Shangazi akaanza kusimulia habari ya mtu wa Bambu aliyeokota kisu na kukihifadhi, na lazima niseme kwamba alisimulia vizuri. Yule mtu alikuwa na mguu mbovu na mke mkorofi, nami karibu nilimwamini. Mama hakuuliza jina lake. Alinyoosha mikono.

Niliweka kisu juu ya viganja vyake. Alianza na mpini, akausokota kidogo. Vidole vikashuka mpaka kwenye meno ya tupa, vikasimama hapo, vikapita tena. Alisugua bapa na kunusa kidole chake. Kisha akakipiga kwa ukucha, karibu na sikio, na ile sauti ikajaza chumba. Shangazi alinitazama kwa macho ya mtu aliyeshinda.

"Mama," mama aliniita. "Niletee jiwe ya kusagia."

Shangazi akasema kisu ni kikali tayari, hakihitaji kunolewa. Nilileta jiwe na kuliweka mbele yake, na nilikuwa sijaelewa bado. Akasimamisha kisu, ncha yake juu ya jiwe, akakiegemea kwa uzito wote wa kifua chake kile kibovu. Hapo nikaelewa. Aliinua kisu, akapapasa ncha kwa kidole gumba. Ilikuwa imenyooka. Akaegemea tena, kwa nguvu zaidi, akapapasa tena.

"Iko nguvu," alisema.

"Kisu ya ndugu yangu," shangazi alisema, "itakosa nguvu namna gani?"

Mama aligeuza uso wake kuelekea upande niliokuwa nikipumulia. "Ilikuwa inapinda," alisema. "Kila mara baba yako alikuwa anainyoosha ku jiwe. Nilimuambia, uliza mutoto. Akakatala. Akasema, atasema mwenyewe siku yake itafika. Na ile asubuhi aliniambia akitoka ku mitego, atapitia kwa fundi."

Shangazi alitazama mmoja wetu, kisha mwingine. Neno lile lile lilikuwa kwenye meno, mahali nilipoliacha.

"Mama, ni miye," nilisema. "Niliiacha mu moto. Kisha nikaificha mu jivu. Na hii..."

"Najua," alisema.

Alinikata hapo, hakuniacha nimalize habari ya kile kisu kingine. Alivuta sahani ya nyama, akalishika paja kwa mkono wa kushoto, akakata. Kilikata vizuri, kipande kikaanguka bila kuvutwa. Alikitia mdomoni na kutafuna kwa muda mrefu, kwa meno machache aliyobakiwa nayo, machozi yakimshuka, wala hakuyapangusa. Alipomeza, alilaza kisu mapajani na kukifunika kwa viganja vyote viwili.

"Basi alipitia kwa fundi," alisema.

Kisha akanyoosha mkono nimwinue. "Kunja mukeka. Na ile plastiki ya matela, uitoe, itanipigia makelele."

Nilimshika mkono, nikamwinua, nikaichana plastiki ya godoro, nikamketisha kitandani. Halafu nikainama na kuukunja mkeka.